Mwalimu wa shule ya msingi ni wa Wizara ya Elimu au wa TAMISEMI? Nimezunguka Dodoma na bahasha mpaka nikaona aibu

Chapati Mbili

Wakuu heshima kwenu, naomba kueleweshwa taratibu bila matusi maana nimeshachoka kuonekana mshamba.

Iko hivi. Shemeji yangu, mdogo wake wife, ni mwalimu wa shule ya msingi huku kwetu Ilala, maeneo ya Gongo la Mboto, mume wake yuko Muheza na wana mtoto mdogo, kwa hiyo anataka uhamisho amfuate mwenzie. Mimi wiki iliyopita nilikuwa na safari yangu ya Dodoma kumpelekea mteja mzigo wa mapazia, shemeji akanikabidhi bahasha ya kaki akasema shem ukifika kule pitia wizarani uiache. Hakusema wizara gani na mimi sikuuliza, kichwani kwangu mwalimu ni Wizara ya Elimu, kuna cha kuuliza hapo?

Nimepanda SGR alfajiri, nimefika, mzigo nimeukabidhi, nikachukua boda mpaka Mtumba kwenye ule mji wa serikali. Jua linawaka, majengo yamejipanga makubwa makubwa yanafanana, boda mwenyewe anauliza njia. Ofisi ya kwanza (siitaji jina) dada wa mapokezi kaisoma barua nusu dakika, akasema kaka hii sio ya hapa, walimu wa msingi wako TAMISEMI. Haya, nikahamia ofisi ya pili, nayo siitaji, kijana kaisoma akaniuliza mbona haijapita kwa mwajiri wake? Nikamwambia mwajiri wake si ndio nyie serikali? Alicheka mpaka mlinzi akageuka. Nikarudi na bahasha yangu Dar, imekunjamana kama nimeifungia maandazi.

Sasa maswali yangu. Kama Wizara ya Elimu haina walimu, ina nini? TAMISEMI ni wizara au ni ofisi ya Waziri Mkuu, maana kibao kinasema Ofisi ya Waziri Mkuu afu watu wanasema waziri wa TAMISEMI? Waziri na Katibu Mkuu nani bosi? Na hii mihimili mitatu tuliyoimba darasa la tano, hizi wizara ziko mhimili gani? Mdogo wangu wa mwisho naye kaitwa usaili Utumishi kwa hiyo naye anausubiri huu uzi kwa hamu.

Mtoto wa Manzese

Nimekaa pale na karanga zangu za mia mbili nasubiri wajuzi. Ila mkuu "mwajiri si ndio nyie" umeniua 😂

Masjala Kuu

Chapati Mbili mwanangu pole sana, ila usijione mshamba, watu wenye digrii zao wanakosea hapohapo ulipokosea wewe.

Mimi ni mstaafu, nimekaa masjala za serikali zaidi ya miaka 30, Dar na mikoani, kwa hiyo sitakueleza kwa katiba, hiyo waachie vijana wa sheria nawaona wanakuja. Mimi nitakueleza kwa bahasha. Ukitaka kujua serikali imekaaje, angalia barua inaandikwa kwa nani na inapita kwa nani. Barua ya kikazi kwenda wizarani inaandikwa Katibu Mkuu, Wizara ya kitu fulani, S.L.P. fulani, Dodoma. Hapo juu humwoni Waziri. Ikifika masjala inafunguliwa, inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, inatafutiwa faili lake, inapewa namba ya folio, mesenja analipeleka faili kwa mkubwa, mkubwa anaandika kwa kalamu pale kwenye dokezo "DAP, shughulikia", yaani Mkurugenzi wa Utawala, naye anamwandikia wa chini yake, faili linashuka ngazi mpaka kwa ofisa mmoja mezani ambaye ndiye atakayekujibu, kisha jibu linapanda tena kusainiwa. Serikali nzima ni hiyo, faili linashuka faili linapanda.

Sasa nani bosi. Waziri ni mwanasiasa, kazi yake sera na kuisemea wizara bungeni na kwenye Baraza la Mawaziri. Katibu Mkuu ni mtumishi wa umma, ndiye afisa masuuli, hela ya wizara ikitoka au ikipotea yeye ndiye ataitwa na kamati ya Bunge ya hesabu, ile PAC, akaeleze. Kwa hiyo kiheshima Waziri yuko juu, lakini Waziri akibadilishwa saa mbili usiku kwenye taarifa ya habari kesho asubuhi faili linaendelea pale lilipoishia. Nimeona mawaziri wengi wakija na kuondoka na sikuwahi kuona faili likiondoka nao. Juu ya makatibu wakuu wote yuko Katibu Mkuu Kiongozi, yuko Ikulu, na huyo ndiye Katibu wa Baraza la Mawaziri.

TAMISEMI. Kirefu chake Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ni wizara kwa maana ina Waziri na Katibu Mkuu na bajeti yake, ila imewekwa ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na waziri wake anaitwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu. Ukisikia "Waziri wa Nchi" jua huyo hana wizara inayosimama kwa jina lake, anamsaidia mkubwa fulani ndani ya ofisi ya huyo mkubwa. Utumishi nao hivyohivyo, ila wao wako Ofisi ya Rais. Muungano na Mazingira wako Ofisi ya Makamu wa Rais. Na hizi ofisi huwa zinahama kama wapangaji. TAMISEMI enzi za Mkapa ilikuwa Ofisi ya Rais, Kikwete akaipeleka kwa Waziri Mkuu, Magufuli alipoingia 2015 akairudisha kwa Rais, na 2025 ikarudi tena kwa Waziri Mkuu. Kila ikihama sisi masjala ndio tunaumia, karatasi zenye kichwa cha barua cha zamani zinakuwa maboksi kwa maboksi, tulikuwa tunazigeuza nyuma tunaandikia orodha ya chai, na mihuri ya zamani inakusanywa isije ikatumika vibaya. Kuna boksi moja la mihuri nililiacha kabatini siku nastaafu, nadhani bado lipo.

Kuhusu shemeji yako nitarudi, mjukuu anataka simu.

Wakili Mtarajiwa

Mzee Masjala shikamoo, umetisha. Naomba niongeze upande wa katiba kidogo.

Mkuu mleta uzi, mihimili ni Serikali, Bunge na Mahakama. Wizara zote unazozijua ziko mhimili mmoja tu, Serikali, ule wa utendaji. Watu wengi wanasema "serikali" wakimaanisha kila kitu mpaka Bunge na hakimu, hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Ukisoma Ibara ya 4 ya Katiba ya 1977 utaona imeandikwa kwa namna ya ajabu kidogo, inataja vyombo viwili vya utendaji, viwili vya kutoa haki, viwili vya kutunga sheria, kwa sababu upande mmoja ni wa Jamhuri ya Muungano na mwingine ni wa Zanzibar. Kwa hiyo ukihesabu vizuri ni mihimili mitatu lakini vyombo sita. Mdogo wako akiulizwa hilo kwenye usaili akalijibu hivi watamwangalia mara mbili.

Kitu cha pili ambacho wengi hawajui, majina ya wizara hayamo kwenye Katiba. Hutakuta Wizara ya Maji wala ya Kilimo mle ndani. Ibara ya 36 inampa Rais madaraka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka serikalini, afu mgawanyo wa nani afanye nini unatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ndio maana Oktoba 2017 tulilala na Wizara ya Nishati na Madini tukaamka na mbili, Nishati kivyake na Madini kivyake, na Kilimo nayo ikaachana na Mifugo na Uvuvi wakati huohuo. Januari 2022 Afya ikatenganishwa na Maendeleo ya Jamii. Agosti 2023 Ujenzi na Uchukuzi wakaachana, na siku hizohizo tukapata Naibu Waziri Mkuu, cheo ambacho ukikitafuta kwenye Katiba utatafuta mpaka taa izimike, japo Mrema alishakishika miaka ya tisini. Kwa hiyo mtu akikuuliza Tanzania ina wizara ngapi, kwanza muulize lini.

Mahakama sasa. Inaanzia Mahakama ya Mwanzo, inapanda ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, Mahakama Kuu, juu kabisa Mahakama ya Rufani. Hii haiko chini ya Wizara ya Katiba na Sheria kama watu wanavyodhani. Wizara inashughulika na sera na sheria na ina watu kama RITA wa vyeti vya kuzaliwa, haimpangii jaji hukumu. Ila kuna mtego hapa ambao mjomba wangu aliingia mzimamzima na kiwanja chake cha Goba, lile Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Linasikiliza kesi, lina mwenyekiti, mnasimama akiingia, ukitoka pale utaapa umetoka mahakamani. Lakini sheria ya 2002 iliyoyaunda ilimpa mamlaka hayo Waziri wa Ardhi, yaani lilizaliwa kwenye mhimili wa utendaji likafanya kazi ya mhimili wa haki, afu rufaa yake inaenda Mahakama Kuu. Mjomba alikaa miezi anaandika malalamiko kwa msajili wa mahakama, anajibiwa sio hapa.

Bishoo wa Buza

Mnamdanganya jamaa na mihimili yenu. Mihimili gani hiyo wakati mawaziri wote ni wabunge? Asubuhi mtu anakaa bungeni kama mbunge anaisimamia serikali, jioni anaingia Baraza la Mawaziri ndio serikali yenyewe. Anajisimamia? Afu Rais anateua majaji, anateua wabunge 10, Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni mshauri wa serikali na hapohapo ni mbunge kwa cheo chake. Hiyo sio mihimili mitatu, hiyo ni nguzo moja ina vivuli vitatu.

Wakili Mtarajiwa

Bishoo mbona umeongea vizuri, ila umeishia njiani. Ni kweli Ibara ya 55 inataka mawaziri na manaibu wote watokane na wabunge. Na nikupe kubwa zaidi ya hiyo, Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Yaani Rais mwenyewe ni sehemu ya Bunge, ndio maana muswada haujawa sheria mpaka auridhie. Kwa hiyo mfumo wetu haujawahi kudai kwamba hii mihimili haigusani. Tumechukua mtindo wa Waingereza wa mawaziri kukaa bungeni, tukauchanganya na Rais mtendaji anayechaguliwa moja kwa moja na wananchi. Ukimwangalia Mmarekani kule waziri haruhusiwi kuwa mbunge, akiteuliwa anaachia kiti. Sisi ni pilau na maharage kwenye sahani moja, wengine wanapenda wengine hawapendi.

Bishoo wa Buza

Pilau na maharage ni njaa hiyo sio mtindo 😂 Nitajie siku moja hiyo kamba imewahi kuvutika upande wa Bunge.

Masjala Kuu

Februari 2008, Bishoo. Kamati teule ya Bunge ilisoma ripoti ya ule mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Na kwa Katiba yetu Waziri Mkuu akiondoka mawaziri wote wanaondoka naye, kwa hiyo nchi ilikaa bila Baraza la Mawaziri mpaka Pinda alipoteuliwa, akathibitishwa na Bunge, Rais akapanga upya. Nakumbuka siku zile wizarani kwetu, gari la waziri limepaki, dereva wake anakuja masjala kupiga soga kwa sababu hana wa kumbeba. Makatibu wakuu walikuwepo, mafaili yalitembea, mishahara ilitoka. Ndio nilikuwa nakwambia.

Sisemi wewe umekosea. Nasema tu siku moja umeomba, nimekupa.

Bishoo wa Buza

Sawa mzee hiyo nakubali. Moja.

Sista Mwananyamala

Mi ni muuguzi, naona wote mnaongelea juu juu kabisa wakati mchanganyiko wenyewe uko huku chini kwetu. Ngoja niwape wa afya.

Zahanati ya mtaani kwako, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, hizo ni za halmashauri, kwa hiyo ukipanda juu unafika TAMISEMI. Sasa hapa Dar tuna Amana, Temeke na Mwananyamala, hizi ni hospitali za rufaa za mkoa, zamani zilikuwa TAMISEMI nazo, enzi za Magufuli zikahamishiwa Wizara ya Afya moja kwa moja. Muhimbili ni ya Taifa, Wizara ya Afya. Kwa hiyo mgonjwa wa homa wa Tandale anaanzia kwenye zahanati ya TAMISEMI, akizidiwa anapewa rufaa kuja kwetu Wizara ya Afya, na dawa za kote kuwili zinatoka MSD, ile bohari ya dawa, ambayo nayo iko Afya, na mwongozo wa kumtibu uliandikwa Afya. Muuguzi wa zahanati mwajiri wake mkurugenzi wa manispaa, mimi mwajiri wangu Katibu Mkuu Afya, tumesoma chuo kimoja, leseni zetu baraza moja, sare moja. Akitaka kuhamia kwetu anabadilisha mwajiri kabisa, sio kuvuka barabara.

Ndio jibu la swali lako la kwanza Chapati Mbili. Wizara ya kisekta inasema kitu kifanyike vipi, TAMISEMI inashikilia watu wanaokifanya huko mtaani.

Mtoto wa Manzese

Dah sista umenifungua macho. Na mwendokasi je, huo si Uchukuzi?

Wakili Mtarajiwa

Hahaha hapana. DART, ule wakala wenyewe wa mabasi yaendayo haraka, uko chini ya TAMISEMI. Leseni ya basi na nauli ndio LATRA na LATRA iko Uchukuzi. Barabara nazo hivyohivyo, Mandela Road ni TANROADS kwa maana ya Wizara ya Ujenzi, ukikata kona kuingia mtaani kwako ni TARURA kwa maana ya TAMISEMI. Kwa hiyo shimo likiwa pale kwenye kona yenyewe kapige tepu kwanza.

Kisiwa Njema

Jamani na sie wa Zanzibar tunaoishi Kariakoo tupo humu, mbona mnapita tu kama hatupo.

Hizo wizara mnazozitaja si zote za Muungano. Hiyo Wizara ya Afya ya sista, na Elimu ya shule za msingi, na Maji, na hiyo TAMISEMI yenu mnayoigombania, mipaka yake inaishia baharini. Kwetu kuna Serikali ya Mapinduzi, ina Rais wake, Makamu wawili wa Rais, mawaziri wake, Baraza la Wawakilishi lake pale Chukwani, Mahakama Kuu yake na Kadhi wake. Mambo ya Muungano yameorodheshwa kwenye jedwali mwishoni mwa Katiba, 1964 yalikuwa 11 sasa yamefika 22, mna ulinzi, polisi, uraia, mambo ya nje, sarafu, na kadhalika, na elimu ya juu imo, na Baraza la Mitihani limo. Ndio maana mtoto wangu anasoma Unguja lakini mtihani wake wa kidato cha nne ni wa NECTA, ndilo Baraza hilo la Mitihani, sawa na mtoto wa Gongo la Mboto.

Na kinachochekesha, hamna serikali ya Tanganyika. Kwa hiyo Waziri wa Mambo ya Ndani ni wangu na wako, Waziri wa Maji ni wako peke yako, lakini wote wanakaa baraza moja na wote wanaitwa mawaziri wa Jamhuri ya Muungano. Na Rais wa Zanzibar naye ni mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano, hilo liko kwenye Ibara ya 54, wengi ukiwaambia wanabisha.

Wakili Mtarajiwa

Sahihi kabisa Kisiwa, samahani. Nilitaja vyombo sita nikakimbia.

Kisiwa Njema

Haya, tushazoea kukimbiwa. Urojo utaninunulia wewe.

Masjala Kuu

Nimerudi. Chapati Mbili, sasa la shemeji yako.

Shida ya barua yake haikuwa wizara. Shida ni kwamba iliruka. Mwalimu wa shule ya msingi mwajiri wake ni Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, DED kwa kifupi. Zamani mimi naanza kazi ilikuwa tofauti, serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa tangu 1972 kwenye ile mipango ya madaraka mikoani, zikarudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza tena 1984, ndipo hizi halmashauri zikapata meno. Leo Tanzania Bara ziko 184. Kila moja ina baraza la madiwani mnaowachagua nyie, na ina mkurugenzi ambaye hamkumchagua, anateuliwa na Rais. Pembeni yake kuna Mkuu wa Wilaya na Katibu Tawala wake, hao ni serikali kuu imekaa wilayani, si halmashauri. Watu wanawachanganya kila siku, unakuta mtu ana kesi ya leseni ya biashara kapanga foleni kwa DC.

Kwa hiyo barua ya shemeji ilitakiwa ianzie kwa mwalimu mkuu, ipande kwa Mkurugenzi, na kwa vile anatoka mkoa mmoja kwenda mwingine ipite kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ndipo ifike kwa Katibu Mkuu TAMISEMI. Kila mahali inaandikwa "kupitia kwa" na kila mkubwa anatia neno lake na saini. Yule kijana alicheka kwa sababu aliona bahasha safi haina hata muhuri mmoja. Bahasha safi serikalini ni kama mtu kaja kuposa bila mshenga.

Halafu kitu kingine. Mwalimu huyo mmoja anaguswa na watu wengi kuliko anavyojua mwenyewe. Mtaala anaofundisha umetoka Taasisi ya Elimu Tanzania, hiyo Wizara ya Elimu. Mtihani NECTA, Wizara ya Elimu. Mthibiti ubora anayekuja kukagua andalio la somo, Wizara ya Elimu, ingawa ofisi yake iko hapohapo wilayani. Kupandishwa daraja na nidhamu ni Tume ya Utumishi wa Walimu, ipo TAMISEMI. Mshahara unaandaliwa kwenye mfumo wa Utumishi na kulipwa na Hazina, Wizara ya Fedha. Na ajira mpya siku hizi wanapita usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Umeuliza Wizara ya Elimu ina nini, nadhani umeona inacho kingi, ila mwalimu mwenyewe hayumo.

Bishoo wa Buza

Yani ticha mmoja ana mabosi saba na bado chaki ananunua mwenyewe.

Ticha wa Chanika

Nimekuwa nasoma kimyakimya ila inabidi niingie, maana mimi ndio huyo mnayemjadili.

Mzee Masjala umeeleza vizuri sana na shikamoo, ila utaratibu wa bahasha umepitwa kidogo. Siku hizi uhamisho mwalimu anaomba mwenyewe kwenye mfumo wa ESS, anaingia kwa akaunti yake, anachagua anakotaka kwenda, anaambatanisha vielelezo, mfano cheti cha ndoa kama anamfuata mwenza, ombi linapanda lenyewe kwa mkuu wake, kwa mkurugenzi, ngazi zilezile ulizozitaja mzee, ila kwenye kompyuta. Unaliona limekwama kwa nani. Hakuna haja ya mtu kupanda treni.

Na Chapati Mbili samahani, hiyo barua iliandikwa kwa nani juu pale? Naomba kujua tu.

Chapati Mbili

Ticha ngoja niifungue... imeandikwa "Waziri, Wizara ya Elimu na Utamaduni, Dar es Salaam. Kupitia kwa: Mkurugenzi, Manispaa ya Ilala". Aliichapa kijana wa stationery hapa Tandika, alisema ana mfano wa barua kwenye kompyuta yake anabadilisha majina tu.

Masjala Kuu

Elimu na Utamaduni! Mwanangu hiyo wizara haipo kwa jina hilo tangu enzi za Mkapa ziishe. Huyo kijana ana jalada la makumbusho.

Wakili Mtarajiwa

Na Manispaa ya Ilala haipo pia. Februari 2021 Magufuli alivunja ile Halmashauri ya Jiji ya zamani, Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ndio wamebaki manispaa. Barua yako mkuu imekosea wizara, mji, cheo na mwajiri. Sijui huyo dada wa mapokezi alijizuiaje.

Mtoto wa Manzese

Karanga zimeisha nanunua za mia tano.

Chapati Mbili

Cheka tu mkuu. Nimeshukuru sana wote, Mzee Masjala Mungu akuzidishie, sista na Kisiwa Njema na wengine wote. Mdogo wangu ameshanakili vyombo sita kwenye daftari anatembea nalo mpaka chooni.

Afu jioni hii nimepita kwa shemeji nikamrudishia bahasha yake. Nikamuuliza, hivi wewe unaijua ESS? Akasema naijua, si ndio tunakojazia PEPMIS, ile ya utendaji kazi, naingia karibu kila siku. Nikamuuliza sasa mbona usiombee humohumo uhamisho, ukanipa mimi bahasha nizunguke nayo Mtumba na jua lote lile? Akasema shem si ulisema unaenda Dodoma.